Viatu vya Juu ya Kabati

Nyumbani kwa Shangazi palikuwa na kabati moja. Juu ya kabati palikuwa na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na viatu vya mchuchumio, vyeusi, vyenye ncha kali mbele na kisigino chembamba kama msumari.

Viatu hivyo vilikuwa vya ukoo mzima. Shangazi aliolewa navyo. Wifi yake alikwenda navyo kuomba kazi, akaipata. Binamu mmoja mwenye mguu mdogo alijaza pamba mbele, akaenda navyo kwenye usaili, naye akarudi anacheka. Ndiyo maana vikaitwa viatu vya bahati. Hakuna aliyeuliza namba yake. Kwa imani ya nyumba ile, kiatu hakikosei. Mguu ndio unaokosea, na dawa yake ni kuvumilia.

Mwepesi alikuwa binti wa kaka yake Shangazi. Jina hilo alipewa utotoni. Ukimtuma dukani, alirudi kabla hujakumbuka ulichosahau kumwagiza. Sasa alikuwa mkubwa, na alikuwa amepata kazi ya kupokea wageni katika ukumbi wa mikutano. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Ukumbi ulitaka sketi nyeusi, blauzi nyeupe na viatu vyenye kisigino.

Shangazi alipanda kiti, akashusha boksi, akapuliza vumbi.

"Vaa, mwanangu. Hivi havijawahi kurudi mikono mitupu."

Viatu havina mikono, lakini Mwepesi hakubisha. Shangazi ndiye aliyemlea. Akaingiza mguu, akasukuma, akakaza meno, mguu ukaingia. Ndani, vidole vilipandana kama watoto watano kwenye kitanda kimoja.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya vigae. Mwepesi alisimama mlangoni tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuwatangulia wageni hadi kwenye viti vyao. Lakini kufika mchana, wageni ndio waliomtangulia yeye. Mzee mmoja wa fimbo alifika mlango wa ndani, akageuka, akamngoja. Alipomwona anavyokuja, kama kuku aliyekanyaga makaa, akamnyooshea fimbo yake.

"Shika, binti. Naona wewe unaihitaji kuliko mimi."

Wageni wakacheka. Mwepesi naye akacheka, kwa mdomo tu.

Jioni msimamizi wa ukumbi alimwita ofisini. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia Mwepesi kwamba yeye na mpokezi mwenzake wako kwenye majaribio, na nafasi ni moja. Shughuli iliyofuata ukumbini ilikuwa Alhamisi ya wiki ijayo, mahafali ya chuo, wageni wengi, ngazi nyingi. Siku hiyo ndiyo ingeamua nani abaki.

"Maneno yako mazuri, na wageni wanakupenda," alisema. "Ila ninahitaji mtu anayetembea."

Mwepesi alirudi nyumbani peku, viatu mkononi. Jirani yao alikuwa anaanua nguo. Huyu aliitwa Mama Ndege, kwa sababu kabla ya kustaafu alihudumia abiria ndani ya ndege miaka na miaka, akipita na vyakula huku na huku, juu ya visigino. Alimtazama Mwepesi miguuni.

"Hicho kiatu kimekubana au kimekutafuna?"

Mwepesi akamweleza yote, hadi habari ya fimbo. Mama Ndege akacheka, maana habari ya fimbo ilikuwa nzuri. Kisha akaleta beseni. Alimwambia aoshe miguu kwa maji safi na sabuni. Yale malengelenge asiyatoboe, ila ayafunike kwa bandeji safi, na asivae tena viatu vile. Baada ya hapo akaleta karatasi na penseli.

"Simama hapa juu. Usikae. Ukisimama mguu hutanuka, na kazini unasimama, hukai."

Akauchora mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akakichukua kiatu cha bahati, akakiweka juu ya mchoro. Mchoro ulitokeza kila upande. Kidole kidogo chote kilikuwa nje, kama mgeni aliyekosa nafasi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Hakupendezwa. Alisema watoto wa siku hizi hawana uvumilivu, na kwamba yeye alisimama na viatu hivyo hivyo siku nzima ya harusi yake.

Mama Ndege aliweka penseli chini. Aliingia sebuleni akaangalia picha ya harusi ukutani. Wengine wakamfuata.

"Shoga yangu," alisema taratibu, "hapa bwana harusi amesimama. Wasimamizi wamesimama. Hata mama mkwe amesimama. Mbona wewe umekaa?"

"Hiyo ilikuwa heshima ya bibi harusi."

"Na viatu viko wapi?"

Shangazi aliitazama picha kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Gauni lilifunika kila kitu.

"Chini ya meza," alisema mwishowe. "Nilivivua kabla ya kukata keki."

"Kumbe bahati ilikuja peku," alisema Mama Ndege.

Watu husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shangazi alikuwa amekilalia, tena akaumwa. Ila kunguni aliwasahau, akabaki anasifu shuka. Alikaa kwenye kochi, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama kiatu kizuri kisichouma kipo kweli duniani.

Mama Ndege akasema kipo, ila kinachaguliwa kwa akili, si kwa macho peke yake. Siku ya pili wakaenda dukani wote watatu. Walikwenda jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kila siku. Kiatu kilichonunuliwa asubuhi huweza kubana ikifika jioni. Mwepesi alibeba ile michoro yake, imekatwa kwa mkasi kufuata umbo la mguu.

Muuza viatu aliwaletea pea inayong'aa kama kioo. Shangazi akaipenda pale pale. Mama Ndege akaingiza mchoro ndani ya kiatu. Karatasi ikajikunja kingo zote mbili.

"Hicho kitaachia, mama," alisema muuza viatu. "Ni ngozi, ukivaa kitatanuka."

"Kitatanuka hicho, au atapungua huyu?" aliuliza Mama Ndege. "Kiatu kinatakiwa kikae vizuri leo, dukani. Ahadi yako haivaliki."

Mwepesi akasema neno lake. Alitaka viatu vizuri, vya kuvaa mbele za watu. Hakutaka vya mgonjwa.

"Na nani amekuambia starehe ni ubaya?" Mama Ndege alisema. "Penye urembo ndipo penye urimbo. Sisi tunatafuta urembo, urimbo wa kunasa tunamwachia ndege."

Wakapata pea nyingine, nyeusi, yenye mkanda mwembamba wa kufungia kwenye kifundo cha mguu. Mbele ilikuwa ya duara, vidole vinacheza. Kisigino kilikuwa kinene, na kimo chake kama vidole vitatu vya mkono vilivyolazwa. Mama Ndege alikikunja kiatu. Kikakunjika kwenye mashina ya vidole, pale mguu unapokunjika, si katikati. Mwepesi akavaa miguu yote miwili, maana mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, na anayesikilizwa ni mkubwa. Mbele ya kidole kirefu palibaki nafasi ndogo. Nyuma kisigino hakikuchomoka.

Alitembea kwenye zulia la duka. Mama Ndege akamtoa hadi kwenye saruji nje, kwa sababu kwenye zulia kila kiatu ni kitamu. Akaenda, akarudi. Akaenda tena, haraka zaidi. Muuza viatu akauliza kama yule binti atarudi kweli au ndiyo wameibiwa.

Mwepesi alivizoeza viatu vyake nyumbani, kidogo kidogo, akiosha vyombo na kufagia. Siku ya Alhamisi alikwenda kazini na raba, viatu akiwa navyo kwenye mfuko, akavaa alipofika.

Wageni wa mahafali walimiminika. Mwepesi aliwapandisha ngazi, akawashusha, akarudi mlangoni kuwachukua wengine. Yule mzee wa fimbo naye alikuja, mjukuu wake akihitimu. Safari hii aliachwa nyuma.

"Binti, nirudishie mwendo wangu," alisema akihema.

Mwepesi akapunguza hatua, akampa mkono, akamfikisha hadi kwenye kiti. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni, anaangalia. Baada ya sherehe alimwambia aje Jumatatu, na asije tena kama mtu wa majaribio.

Shangazi alipewa habari. Aliingia ndani, akatoka na karatasi na penseli, akaenda kugonga kwa Mama Ndege. Akavua ndala, akasimama juu ya karatasi.

"Nichore na mimi," alisema. "Mwezi ujao kuna harusi, na kwenye picha nataka kusimama."

Viatu vya bahati havikutupwa. Kimoja kinazuia dirisha la jikoni lisibamizwe na upepo, na kingine kinashikilia mlango wa uani. Kazi hiyo vinaifanya vizuri sana, wala havijamuumiza mtu.