Aliyejibu Kituo cha Saba

Spika za kiwanda cha karatasi zilianza kupumua Jumatatu asubuhi, na wa kwanza kuzisikia alidhani ni pumzi zake mwenyewe.

Odile Cyr alikuwa amezihudumia spika hizo na simu zake za ukutani kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwa mtu wa kubabaishwa na kelele. Mngurumo, maji yameingia kwenye boksi. Mluzi mkali, mtu kasahau kuangika simu. Lakini hii ilivuta, ikatulia, ikashusha, na ukiweka simu sikioni ulinusa sufu mbichi inayoungua.

"Dada, hizo spika zako zina pumu?" alitania Gérald, msimamizi wa zamu. "Zipe dawa basi. Alhamisi saa sita mchana nawasha mtambo."

"Wewe niachie laini nifanye kazi. Mdomo baki nao."

Mtambo ule hauwashwi hivi hivi. Gérald huita vituo kwa spika, cha kwanza hadi cha tisa, na kila kimoja hujibu "salama", yaani hakuna mtu ndani ya mtambo upande wake. Ila wafanyakazi walikuwa na kajitabia kabaya: mwenzako akitoka kuvuta sigara, unamjibia. Miaka sita nyuma Normand, mdogo wake Odile, alimjibia Lucien Ouellette wa kituo cha saba. Lucien hakuwa ametoka kuvuta sigara. Alikuwa katikati ya mapipa ya chuma yanayokausha karatasi, sweta lake la sufu likiwa bichi kwa jasho, ananasua kipande kilichokwama. Ripoti ikaandika kwamba marehemu alijibu mwenyewe, na kituo cha saba akapewa Normand.

Normand alimwambia dada yake peke yake, jikoni, ploye, zile chapati za maji za kwao, zikipoa sahanini. Odile akaifunika habari ile. Mazishini, Claudette, mjane wa Lucien, alimshika mikono akamuuliza kama amesikia chochote. "Sijui lolote," alisema Odile, na tangu siku hiyo akimwona barabarani huvuka upande wa pili. Ilimuuma, lakini alivuka.

Alhamisi asubuhi aliitafuta hitilafu kama anavyoitafuta siku zote, kwa kuigawa laini nusu kwa nusu. Alichomoa kituo cha kwanza hadi cha nne; pumzi zikaendelea. Akachomoa cha nane na cha tisa, kisha cha tano na cha sita. Kikabaki cha saba. Akafungua boksi lake: kavu, safi, waya zinang'aa. Akazilegeza zote mbili, akazishika mkononi, na pumzi zikaendelea kutoka kwenye spika ambazo sasa hazikuunganishwa na kitu.

"Odile!" Gérald alipiga kelele kutoka juu ya ngazi. "Nirudishie laini, imebaki robo saa!"

Alivirudisha vituo vinane. Cha saba alikiacha makusudi. Kisipojibu, Gérald hatawasha, ndivyo alivyojiambia. Akarudi kusimama pale na waya zake mbili.

Gérald akaanza kuita. Moja, salama. Mbili, salama. Hadi sita.

"Saba?"

"Saba, salama."

Sauti ilikuwa ya Normand.

Odile alizitazama waya alizozishika, hazijagusa kitu, akageuka kumtafuta mdogo wake amuulize anacheza mchezo gani, na badala ya uso wake akaona viatu vyake, vile viatu vya kamba nyekundu, vimejitokeza kati ya mapipa, kwa sababu Normand alikuwa ameshatoa kufuli lake kwenye swichi, lile linalozuia mtambo usiwashwe mtu akiwa ndani, kisha akakumbuka kipande kimoja cha karatasi, kimoja tu, akarudi ndani, na sasa honi ya kuwashia ilikuwa inalia na pumzi zile zilikuwa zimejaa ukumbi mzima kiasi kwamba Odile alipopiga kelele hakujisikia mwenyewe. Aliirukia kamba ya dharura ya kusimamisha mtambo, akaning'inia nayo.

Honi ikakatika. Pipa la kwanza lilisogea kidogo, likasimama.

Normand alitoka kwa magoti, mweupe kama karatasi yao.

"Nani kanijibia?" alinong'ona.

"Unamjua."

"Odile, usiseme hivyo."

"Simu haina waya, Normand. Tazama. Waya hizi hapa."

Alitazama. Kisha akaichukua simu ya kituo cha saba, huku analia. "Lucien," alisema, "mimi ndiye niliyekujibia. Wewe hukusema kitu. Nisamehe, kaka." Simu ile isiyo na waya ikaitangaza sauti yake kiwanda kizima. Pumzi zikakoma. Harufu ikaondoka.

Gérald aliteremka ngazi polepole, kofia mkononi. "Kwanza kwa Claudette," alisema. "Wakubwa baadaye. Nitakupeleka."

"Dada, twende wote," alisihi Normand.

"Nendeni nyinyi. Mimi nina waya za kurudisha."

Alizirudisha, akajaribu laini. Kimya safi. Akaenda nyumbani jua bado liko juu ya theluji, akakoroga unga, akamimina ploye ya kwanza kwenye kikaango. Harufu iliyopanda haikuwa ya ploye. Ilikuwa ya sufu mbichi inayoungua.

Redio ya jikoni ilikuwa rafuni, plagi yake imelala juu ya meza. Ilivuta pumzi, ikashusha. Kisha ikasema, kwa sauti ya Odile mwenyewe:

"Sijui lolote."

Ikanyamaza, ikimsubiri ajibu.