Viti Viwili Vitupu Siku ya Kura

Mlango wa chumba cha kamati ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamume mrefu aliyevaa suti mpya ya kijivu, akaketi kwenye kiti cha Wakili, akafungua faili la Wakili, akaanza kusoma.

Wakili alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai.

"Samahani, kaka. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Nimeambiwa nikae popote palipo wazi."

"Na faili nalo ulilikuta wazi?"

Mgeni aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Nisamehe, Mheshimiwa. Nimeapishwa leo asubuhi. Hata choo sijui kiko wapi."

Wakili akacheka, akamwonyesha choo.

Mgeni alikuwa mpima ardhi aliyeshinda uchaguzi mdogo kwa tiketi ya chama tawala. Wakili alikuwa mbunge wa upinzani, muhula wa pili, mpenda magauni ya bluu na viatu visivyo na kisigino, maana korido za Bunge ni ndefu. Miezi minne baadaye, simu za jioni kati yao zilikuwa hazikauki.

"Umekula, Mpimaji?"

"Nitakulaje, na mchana kutwa umenirarua ukumbini?"

"Niliirarua hoja yako. Wewe nakupenda."

"Basi kesho nirarue tena, mpenzi."

Jambo moja tu liliwatia ubaridi. Miaka kumi na mmoja nyuma, serikali ilitia saini mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa nyumbani, ikaufungia kabatini. Bila sheria ya nchi, hakuna hakimu aliyeweza kuutumia. Kwa miaka miwili Wakili aliandaa muswada wa kuuingiza katika sheria, akimfikiria mama yake mdogo, aliyepika na kufua katika nyumba za watu miaka ishirini bila siku moja ya mapumziko. Mpimaji angepiga kura ya Hapana, kama chama chake kilivyoamua.

"Jimboni kwangu walimu ndio wanaoajiri madada wa kazi," alisema. "Ukiwabana, watawafukuza."

"Kwa hiyo dada ndiye abebe shida za mwalimu?"



Wiki moja kabla ya kura, mama yake Mpimaji alipangiwa upasuaji wa moyo siku ileile ya kura. Bungeni kuna desturi isiyoandikwa popote: mbunge mwenye dharura humwomba mmoja wa upande wa pili asipige kura, ili Ndiyo moja na Hapana moja zifutane. Hakuna karatasi. Ni neno la mtu tu.

"Mhudumie mama," Wakili alimwambia. "Nitakaa nje kwa ajili yako."

Siku alipotoa neno hilo, Ndiyo zilikuwa mbele kwa kura sita.

Asubuhi ya kura, Kiranja wa upinzani, mama mwenye kazi ya kuhesabu vichwa vya chama, alimkuta Wakili kwenye korido.

"Watatu wetu wamegeuka. Bila wewe ni themanini na nane kwa themanini na nane. Kura zikilingana, muswada umeanguka. Ingia ndani!"

"Nimemwahidi mtu, dada."

"Yule kijana wako? Amekuchezea shere! Jana alikuwa kwenye kikao cha chama chake, anacheka. Mwenye mama mahututi hucheka?"

Wakili akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Kengele ya kura ikaanza kulia. Baada ya dakika tano milango hufungwa.

"Hakuna karatasi," Kiranja alisema, sasa kwa upole. "Hakuna wa kukushtaki."

"Ndiyo maana siwezi kuingia."

Aliketi kwenye benchi, akazikunja ncha za mtandio wake vidoleni. Mlango ukafungwa. Karani aliita majina moja baada ya jingine. La Wakili liliitwa mara mbili, likapita. Hatimaye zikasikika meza zikigongwa kwa shangwe, upande usio wake.

Simu ililia alasiri.

"Mpenzi, walituzimisha simu. Ameamka! Ameuliza baba amekula nini."

Wakili alifumba macho. "Ashukuriwe Mungu. Jana ulikuwa ukicheka kikaoni?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa, wakaninyima. Nikacheka ili nisilie, nikaondoka hivyohivyo. Muswada vipi?"

"Kura zimelingana."

Mpimaji hakuhitaji kalamu kwa hesabu hiyo. "Ungeingia, muswada ungepita."

"Ungepita."

"Utaletwa tena lini bungeni?"

"Baada ya miezi sita."

"Sitakudanganya kwamba nitapiga Ndiyo. Lakini tuusome pamoja, kifungu kwa kifungu."

"Tutausoma. Nakuja hospitali sasa hivi, ila kwanza nimpigie mama mdogo. Alikuwa anasikiliza redioni, akingoja jina langu."