Kaniki ya Shangazi Elina

Jua lilikuwa limeanza kulegea Aron alipoingia kibandani kwa Nathanieli, fundi wa kamera pale Makambako. Hakuwa na shida kubwa, au ndivyo alivyojidanganya njia nzima. Kamera ya shambani ilikuwa inasumbua, basi. Kila jioni giza likiingia, simu yake inalia "ti!" kumwambia kuna mtu. Akifungua kutazama, hakuna mtu.

"Kamwene, baba," Nathanieli alimsalimu, akaichukua simu na kuangalia kidogo. "Buibui huyu. Anatanda utando mbele ya kioo, kamera inababaika. Futa na kitambaa, utalala vizuri."

Aron alishusha pumzi. Angeaga hapo hapo, angerudi kijijini kwake Njombe akiwa mzima. Lakini dukuduku lilimkaba. Alitafuta video ya mwezi uliopita, akamsogezea fundi.

"Na huyu?"

Mtu aliyejitanda nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni alikuwa akiinama kwenye miche ya parachichi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mara akageuka... macho yake yakawaka.

Nathanieli hakushtuka hata kidogo. Alivua koti lake jeusi, akalitundika mbele ya kamera iliyokuwa mezani, akafunga mlango na kuzima taa. Kwenye skrini, koti lilikuwa jeupe pe.

"Gizani kamera inatumia mwanga ambao macho yetu hayauoni," alisema. "Rangi haijui. Nguo nyeusi nyingi inazitoa nyeupe hivi. Na macho yanawaka ya kila mtu, hata yangu. Huyo ni bibi tu, amejitanda kaniki nyeusi. Kwani nyinyi mlidhani nini, baba?"

Walidhani sanda.

Aron ndiye aliyeanza. Alikuwa amerudi kijijini baada ya miaka mingi ya kuendesha malori, akapanda parachichi, akafunga kamera kwa kuogopa wezi. Asubuhi moja alikuta baadhi ya miche imefunikwa nyasi, juu zimefungwa fundo. Akasema huo ni uchawi, akazing'oa nyasi na kuzichoma. Kisha akaona ile video, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. "Angalieni wenyewe," aliandika.

Wakamtambua. Kulipokucha watu walijaa uani kwa Shangazi Elina, dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea baada ya mama kufariki. Wakamwambia ahame. Bibi wa watu alisimama mlangoni na kaniki yake, ananukia ugoro kama siku zote, akamtafuta mmoja tu kwa macho.

"Aron, mwanangu. Niangalie mimi. Acha hiyo simu."

Aron aliendelea kuangalia simu.

Shangazi aliondoka kwa miguu kwenda kwa binti yake, upande wa Makete. Baridi ilimmalizia njiani, kwenye msitu wa misindano. Usiku huo huo sakitu ilianguka shambani kwa Aron, umande ukaganda, miche ikaungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Ilipona michache tu, ile ambayo hakuwahi kuifunua. Ndipo mkewe, Ema, alipomwambia kwa sauti ndogo kwamba wazee wa huku hufunika miche hivyo kuikinga na baridi. Aron alikataa kusikia. Na ile sanda je? Aling'ang'ania sanda, maana ndiyo pekee iliyokuwa inampa usingizi.

Sasa Nathanieli alikuwa anaivaa sanda hiyo mbele yake, lile koti lake jeusi, anafunga vifungo.

Alifika nyumbani giza linaingia. Baridi ilikuwa kali, ile inayouma masikio. Ema alikuwa amesimama mlangoni na kikoi mabegani.

"Afadhali umeanza kuifunika," alisema.

"Kufunika nini?"

"Miche uliyopanda upya. Si umefunika wewe? Mstari wa kwanza wote."

Aron alikwenda shambani. Kweli. Mstari wa kwanza ulikuwa umefunikwa nyasi mbichi, juu zimefungwa fundo. Pembeni kulikuwa na rundo la nyasi nyingine, kana kwamba mwenye kazi amepumzika kidogo. Kwanza aliikumbuka kamera. Akakifuta kioo kwa mkono wa shati. Hakukuwa na buibui. Hakukuwa na utando.

Angeweza kukimbia. Miguu ilitaka, aibu ikakataa. Alichuchumaa mstari wa pili, akachukua nyasi, akaanza kufunika. Mche mmoja. Wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nisamehe, shangazi," alinong'ona. "Nilikuua mimi. Si baridi."

Akafunika mche wa tatu.

Kisha harufu... ugoro.

Ti!

Simu iliwaka mfukoni. Aliitoa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kamera humwekea kila mtu inayemwona kijisanduku cha kijani, na kijisanduku kilikuwepo, ndani yake yeye mwenyewe, amechuchumaa.

Vilikuwa viwili.

Cha pili kilikuwa nyuma yake kabisa. Mtu amejitanda nguo nyeupe, amekumbatia nyasi. Kaniki aliyofukuzwa nayo, au sanda aliyozikwa nayo? Kamera haijui rangi. Alikuwa ameielekea kamera, lakini safari hii macho hayakuwaka.

Mara moja maishani mwake Aron alitakiwa aiache simu amwangalie mtu. Akajaribu kugeuza shingo. Shingo ikagoma. Akabaki anaangalia simu.

Pale kwenye kioo, mkono ulishuka taratibu. Nyasi za kwanza zikamtua begani, mbichi, za baridi. Kisha nyingine. Kisha nyingine, kichwani.

Shangazi hakuwa anafunika miche. Alikuwa anamfunika yeye, na mikono yake tayari ilikuwa inazikusanya nyasi juu ili afunge fundo.