Kikopo cha Kisimani

Emelyne alikuwa fundi cherehani wa Ilembo, mzaliwa wa Mishamo. Alipenda sana kujua mambo. Simu yake ilipomwonyesha mchezo mpya, hakutulia mpaka ameujaribu.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu anaficha kikopo chenye vitu vidogo mahali wanapopita watu. Ramani ya simu inakupeleka karibu. Ukikipata, unaandika jina lako kwenye karatasi iliyo ndani, kisha unakirudisha. Sharti ni moja: wapita njia wasijue kilipo, wasije wakakiondoa.

Siku hiyo ramani ilimpeleka kisimani, pale pale anapoteka maji. Akabeba ndoo yake. Kina mama walikuwa kwenye foleni, wanapiga soga. Yeye akazunguka nyuma ya pampu, akainama kana kwamba anafunga kanga, huku mkono unapapasa chini ya mawe. Wakimtazama, anasimama. Wakigeuka, anainama tena. Eti anajificha, na jua la mchana limewaka.

Soga zikakatika. Mama mmoja akanong'ona kwamba yule anazika dawa. Mwingine akamwaga maji yake chini, ndoo nzima. Wa tatu naye akamwaga. Emelyne akaingiwa na hofu. Akitoka pale na jina la mchawi, nani atamletea tena nguo ashone? Nani atamsalimia?

Mama Ng'washi, msimamizi wa kisima, akamsogelea. "Mdogo wangu, unatafuta nini?"

"Nimeangusha pete," Emelyne akajibu.

Wote wakamtazama mkono. Pete ilikuwa kidoleni.

Njia ya mwongo fupi, jamani. Emelyne akaona aibu, akaamua kusema kweli. Akatoa simu, akaeleza mchezo wote. Mama Ng'washi akaikodolea macho ramani, akauliza hiki nini, na hiki je. Kisha akawaita wenzake, wakainua mawe pamoja. Kikopo kikatokea. Ndani mlikuwa na kifungo, shanga na karatasi ya majina. Kila mtu akataka kushika.

"Sasa sikiliza," Mama Ng'washi akasema. "Nyie mnaficha kikopo, sawa. Lakini wewe usijifiche. Hapa kwetu mtu akinyatia kisima hatuwazi mchezo, tunawaza sumu. Nenda kwanza kwa mwenye mahali. Msalimie, mwambie unachotafuta. Hao wengine wanaopita si lazima wajue."

Emelyne akauliza kama basi kikopo kirudi chini ya jiwe. Akaambiwa hapana, penye maji ya watu hapafichwi kitu. Akamwandikia mwenye kikopo kwa simu, naye akakubali kukihamisha, safari hii kwa ruhusa.

Mama Ng'washi akapiga pampu mwenyewe mpaka ndoo ya Emelyne ikajaa. Akachota kwa kiganja, akanywa mbele ya wote. Foleni ikajipanga upya.

Jumamosi ramani ilimpeleka sokoni, kwenye kibanda cha Mzee Ladislas, fundi baiskeli. Emelyne akamwamkia, akamweleza shida yake. Mzee akacheka, akasogeza benchi apite. Alipokuwa anapapasa nyuma ya nguzo, mlinzi wa soko akaja mbio, akauliza yule mwanamke anafanya nini pale.

Mzee Ladislas hakuinua hata kichwa kutoka kwenye gurudumu.

"Mgeni wangu huyo," akasema. "Ameniambia."