Mhusika ni Nani?

Fungu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, lilibaki moja tu, na mikono miwili ikalidaka kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa Limi, aliyetoka ofisini na gauni lake la kitenge cha njano; wa pili ulikuwa wa kijana mwenye fulana nyeusi na buti zilizojaa vumbi.

"Kaka, soko lote hili la Shinyanga umeona michembe yangu tu?"

"Mgawie mgeni, dada. Natoka Geita."

"Watu wa Geita si mna dhahabu? Tafuneni hiyo."

Walicheka mpaka muuzaji akawafukuza. Kijana aliitwa Donatus, fundi wa pampu za maji, na kumbe mwajiri wao mmoja: yeye yuko mgodini Geita, Limi yuko ofisi kuu Shinyanga. Mapenzi hayakuchelewa. Simu zikawa asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje bila kusikia sauti yako?"

"Muongo wewe! Nasikia unatafuna."

Jioni moja Donatus hakutania. Alimweleza Limi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: tangu kifusi kilipomfukia mwenzake, kila akishuka shimoni miguu inamwishia nguvu.

"Nisaidie nihamishiwe kazi ya juu," alisema. "Lakini kimya kimya, Limi. Huku wakijua unaogopa, utaitwa majina mpaka uondoke mwenyewe."

Limi aliona ni jambo dogo. Ofisi ilikuwa na msaidizi wa akili mnemba ndani ya mfumo wa kugawia kazi, na Limi ndiye aliyemwandikia maelezo ya zana zake: hii inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Msaidizi alikuwa hodari, ila asichoandikiwa hakijui. Na kwenye zana ya kutuma taarifa, Limi, kwa haraka ya kuwahi chakula, aliandika maneno mawili tu: "Mjulishe mhusika." Ofisini kwao hata mfagiaji alijua kwamba mhusika ni mkuu wa zamu. Nani angeuliza?

Basi akaandika ombi la Donatus, na sababu akaieleza yote, akamwagiza msaidizi alipeleke. Msaidizi akaona kazi ile inakihusu kikosi kizima cha Donatus mgodini. Akawajulisha wote.

Donatus akapiga. "Limi, umemwambia nani?"

Nyuma yake watu walikuwa wakiangua vicheko, mmoja akiigiza mtoto anayemlilia mama.

Hapo Limi akafanya baya kuliko lile la kwanza. "Ni mfumo, mpenzi. Mashine imekosea."

"Mashine ilijuaje kwamba naogopa?"

Simu ikakatika. Bwana Bashiri, mkuu wa ofisi, alipouliza, Limi akamjibu vilevile: mashine. Wenzake wakampa pole, na kila pole ikamchoma, maana alijua anapewa asichostahili. Kisha akasikia kwamba Donatus ameanza kujitolea kushuka shimoni ili kuwanyamazisha watu. Anatapika kwanza, halafu anashuka.

Limi akaingia kwa Bwana Bashiri, akasema kweli yote. Halafu akapanda basi la Geita.

Asubuhi, kikosi kilipokusanyika kwa kikao cha usalama kabla ya zamu, alisimama mbele yao na kitenge chake cha njano.

"Shikamooni. Ujumbe ule nimeutoa mimi. Mashine ilifuata nilivyoiandikia, na niliandika kivivu. Kisha nikaisingizia. Kama kuna wa kuchekwa hapa, ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa zamu alikohoa, akasema Donatus abaki juu kuanzia siku ile.

Donatus akamwita pembeni, nyuma ya stoo ya pampu. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Umeyabadilisha yale maelezo?"

Limi akasoma kwenye simu: "Zana hii hutuma ujumbe kwa mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina. Habari za siri za mfanyakazi zisitumwe humu. Jina likikosekana, usikisie, uliza."

"Hayo yanaeleweka."

"Nimechelewa."

"Umechelewa, ndiyo." Donatus hakumbembeleza. "Vicheko vyao vingeisha. Kilichoniuma ni wewe kuniambia mashine."

"Najua. Hata kukutazama naona haya."

"Nitazame na haya zako. Woga wangu umeuona, na kambi nzima imeuona. Uongo wako nimeuona. Tumebakiza nini cha kufichana?" Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatabasamu. "Mficha uchi hazai, Limi. Na mimi watoto nawataka."

Limi akajifunika uso kwa viganja. Aibu ilikuwa palepale, nzito, na alijua ataondoka nayo Geita.

"Washenga," akauliza, uso bado kaufunika, "unawatuma lini?"