Mchumba wa Mumiani

Treni ya Mwanza ilichelewa. Stesheni ya Tabora ilijaa mizigo, matenga ya kuku na watu waliochoka kuuliza. Mwanne, nesi wa hospitali ya mjini, alikaa juu ya sanduku lake, khanga ya samawati mabegani, akisoma karatasi zilizopigwa chapa. Kando yake alikaa kijana mwembamba aliyevaa suti ya Kaunda iliyopauka.

"Dada, unasoma nini mpaka unakunja uso?"

"Hadithi ya mumiani. Ile ya redioni imekwisha. Kuna mtu hapa mjini kaiendeleza kivyake, watu wanapokezana." Akapiga miayo. "Mumiani mwenyewe nampenda. Kachoka kunywa damu za watu, maskini. Lakini huyo mchumba wake! Kila sura anazimia. Hali, hacheki. Na maneno yamevalishwa nguo za Idi kila siku. Mwandishi huyu hajawahi kukaa na mwanamke."

Kijana akaziangalia zile karatasi. "Mwandishi ni mimi. Naitwa Nassibu. Napiga chapa ofisi ya ushirika."

Mwanne alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Waliporudi kutoka safari, wakapendana. Mchana mmoja Nassibu alipiga simu wodini.

"Hujambo, mpenzi mkosoaji?"

"Sijambo, mnywa damu wangu. Sema upesi, matroni anakuja."

Nassibu akaandika sura mpya. Safari hii mchumba alikuwa mtu hasa: mkali wa maneno, mwenye njaa, nesi. Mwishoni naye akageuka mumiani. Karatasi zikazunguka kutoka mtaa wa Ng'ambo hadi kijiji cha Ntalikwa, na wagonjwa wakaanza kumficha Mwanne mikono yao. Kisha akaletwa mama kutoka Puge, aliyepoteza damu nyingi katika uzazi. Ndugu zake wakakataa kutoa damu. "Huyu ndiye yule wa kwenye karatasi," walinong'ona.

Mwanne akampigia simu Nassibu. "Umeniandika vizuri mno. Ndugu wananiogopa, na mama wa watu anakufa kwa uzuri huo. Usinitafute tena."

Nassibu aliacha mashine, akakimbia mpaka wodini, akasimama mbele ya wale ndugu akihema.

"Nimeyatunga mimi, jamani. Huyu ni mchumba wangu, hajamnywa mtu." Akakunja mkono wa shati. "Nitoe damu, Mwanne."

Mwanne akamtoa damu bila kumtazama. Damu yake haikulingana na ya mama yule. Lakini Lugembe, kaka wa mgonjwa, alipomwona kijana amekaa mzima akinywa chai, naye akanyoosha mkono. Yake ikalingana. Mama akapona.

Jioni, Mwanne alikuja kukaa naye kwenye benchi nje ya wodi.

"Umeniita mchumba mbele za watu. Posa kaleta nani?"

"Mjomba wangu atakuja Ijumaa. Ukikubali."

"Aje. Lakini leo sina nguvu ya kukusamehe, Nassibu. Nimechoka."

"Ningoje?"

"Ngoja. Na usiseme neno."

Akamwegemea begani, akasinzia.