Shemeji Anapiga Tena

Katika chumba cha ushonaji kulikuwa na cherehani chache na midomo mingi. Mafundi walishona sare za shule huku wakitaniana kutwa nzima. Mdogo wao aliitwa Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Lakini tangu apate mchumba, maneno yalikuwa yamemkauka.

Mchumba huyo alipiga simu ya video kila mara. Alitaka kuona Chiriku yuko wapi na yuko na nani. Mafundi walifurahi. Simu ikiita tu, walisimamisha kazi na kupunga mikono.

"Shemeji, tupo naye hapa, hajaibiwa!"

Kisha walimgeukia Chiriku. "Unapendwa wewe. Wenzio hata salamu hatupati."

Chiriku alicheka nao, lakini hofu ilikuwa imemjaa.

Siku moja kazi ilikuwa nyingi na mashine zilipiga kelele. Chiriku hakuisikia simu. Alipoitazama, alikuta amepigiwa tena na tena. Akasimama ghafla, akawageukia wenzake.

"Jamani, nisaidieni. Mwambieni nilikuwa hapahapa."

Mama Vifungo, mtu mzima aliyeshona vifungo na matundu yake, alimshika mkono ili amtulize. Chiriku alijikunja kwa maumivu. Mama Vifungo akaupandisha taratibu mkono wa blauzi ya binti, akaona alama nyeusi.

"Umepatwa na nini hapa?"

"Nilijigonga mlangoni."

"Mlango gani huo wenye vidole, mwanangu?"

Chiriku akaangua kilio, akasema yote. Akichelewa kupokea simu, hupigwa. Sasa mchumba alimtaka aache kazi, wakaishi mbali na kwao.

"Nikikataa, ataniua. Ameniandikia hivyo kwa ujumbe."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe sisi ndio tulikuwa walinzi wa huyo mwanamume."

"Hatukujua. Sasa tunajua," alisema Mama Vifungo. "Wivu wa namna hii si mapenzi. Na wewe, Chiriku, hujakosa kitu. Mwenye kosa ni anayepiga."

Mama Vifungo alikuwa amepata mafunzo katika kituo cha ushauri cha wanawake. Alimsindikiza Chiriku hadi kwao. Mama mtu aliposikia, alishika kichwa.

"Tumwite, tuyamalize kifamilia. Binti amwambie mwenyewe, ana kwa ana, kwamba hamtaki."

"Hapana, dada yangu. Wakati wa kuachana ndio wenye hatari zaidi. Asikutane naye. Kwanza hospitali, atibiwe na majeraha yaandikwe. Kisha polisi. Na ule ujumbe wa vitisho asiufute, ni ushahidi."

"Watu watasema nini?"

"Waache waseme, mradi mwanao yuko hai."

Mama mtu aliinuka. Alitafuta viatu vyake, akavaa.

Daktari alimtibu Chiriku na kuandika ripoti. Kule polisi, askari wa kike aliwasikiliza faraghani. Mchumba alikamatwa, akapelekwa mahakamani, na akakatazwa kumkaribia Chiriku. Kwa muda binti alikaa kwa shangazi yake, bila kutangaza. Mjomba alimpeleka kazini na kumrudisha. Mafundi nao walikubaliana kwamba mtu yeyote akiuliza Chiriku yuko wapi, hajibiwi.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Kuna siku alimkumbuka kwa hamu yule mtu, akajionea aibu. Mshauri wa kituo cha wanawake alimwambia, "Hilo huwapata wengi. Usijilaumu. Njoo tu tuzungumze." Naye alikwenda, na usingizi ukaanza kumrudia.

Baadaye alirudi kwa mama yake. Jioni moja, baada ya kazi, alikaa na rafiki yake wakapiga soga hadi taa za barabarani zikawaka. Njiani aliharakisha hatua. Alijikuta anatunga maneno ya kujitetea: nilikuwa na fulani, tulikuwa mahali fulani, simu iliisha chaji.

Alifungua mlango. Mama yake alikuwa anaosha vyombo.

"Umekula?" mama aliuliza.

Chiriku alisubiri maswali mengine. Hayakuja. Akashusha pumzi, akavuta kiti, akajipakulia chakula.